Benshi

Benshi (kwa Kijapani: 弁士, pia katsuben) ni jina la msimulizi aliyekaa kando ya pazia la sinema nchini Japani katika zama za filamu bubu. Aliwaeleza watazamaji kinachotokea na kusema maneno ya wahusika wote, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Kazi hiyo ilianza filamu zilipoingia Japani mwaka 1896 na 1897, ikastawi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Afrika Mashariki inao watu wa kazi inayofanana nayo: watafsiri wa filamu wa Tanzania na wale wanaoitwa VJ nchini Uganda.

Asili

Japani ilikuwa na mazoea ya namna hiyo kabla ya sinema. Katika bunraku, mchezo wa vikaragosi, msimulizi aliyeketi pembeni huwasemea vikaragosi wote. Katika rakugo mtu mmoja huketi jukwaani na kugeuza sauti kadiri wahusika wanavyobadilika. Filamu ilipofika bila sauti, watazamaji hawakuona ajabu picha kuwa mahali pamoja na sauti kutoka mahali pengine.

Msomaji wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, hana haja ya kwenda mbali kupata mfano. Kwa Wanyambo, kama kwa jirani zao Wahaya, mpiga enanga husimulia tendi za kale akiwa peke yake na ala yake ya nyuzi, naye huwa mfalme, mke wa mfalme na adui kwa zamu. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliziandikia tendi hizo za Wahaya tasnifu yake mwaka 1986. Tofauti ni moja, nayo si ndogo: mpiga enanga anatunza hadithi ya watu wake, lakini benshi alisimulia kazi iliyotengenezwa na mtu mwingine.

Nguvu na udhibiti

Watu wengi walichagua sinema ya kwenda kwa jina la benshi, si la filamu. Filamu ileile iliweza kuchekesha katika ukumbi mmoja na kuliza katika mwingine. Waongozaji wengine walilalamika kwamba kazi yao inageuzwa maana, na malalamiko hayo yalikuwa na haki. Serikali nayo iliona kwamba kukagua picha pekee hakutoshi iwapo maneno yanatungwa ukumbini. Kuanzia mwaka 1917 polisi wa Tokyo waliwataka benshi wawe na leseni. Kufikia mwaka 1927 walihesabiwa benshi 6,818 nchini kote, wakiwemo wanawake 180.

Kuanguka

Mwaka 1931 ilitoka filamu ya Heinosuke Gosho, Madamu to nyōbō, inayohesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya Kijapani yenye sauti iliyofanikiwa. Benshi walianza kuachishwa kazi, wakagoma. Mmoja wa viongozi wa mgomo alikuwa Heigo Kurosawa, kaka yake Akira Kurosawa, mwongozaji wa Rashomon (1950). Alijiua mwaka 1933. Wengine walipata riziki kwingine. Musei Tokugawa, aliyekuwa mashuhuri kuliko karibu wote, alihamia redioni na kuvuma huko pia. Usimulizi wenyewe uliokolewa na Shunsui Matsuda, aliyekusanya filamu bubu, na mwanafunzi wake Midori Sawato.

Afrika Mashariki

Huku sababu ilikuwa nyingine. Filamu zilifika zikiwa na sauti, ila kwa Kiingereza, Kihindi au Kichina. Mtafsiri hupunguza sauti ya asili na kusimulia juu yake, akiongeza utani, majina ya mitaa na maoni yake. Nchini Tanzania aliyesifika ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye kazi zake zilitazamwa nyumbani na katika vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza. Nchini Kenya amevuma DJ Afro. Nchini Rwanda filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye.

Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda kaskazini na Rwanda magharibi. Kwa hiyo iko kati ya masimulizi ya Kiswahili, Kiganda na Kinyarwanda, wakati Runyambo, lugha ya wenyeji, ni ndugu wa karibu wa Runyankore ya ng'ambo ya mpaka.

Swali la mwenye kazi halijaisha. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri ya kazi yake. Uganda imetoa mfano wa njia tofauti: katika Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Nabwana I.G.G., sauti ya VJ Emmie imo ndani ya filamu yenyewe, kwa ridhaa ya mwongozaji.