Walibora na wenzake: Waliolala Kitale na Bungoma wametuachia nini?

Na MWANDISHI WETU

Msomaji mpenzi, ukipanda matatu pale Webuye ukielekea kaskazini, utapita Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini kabla ya kushuka katika stendi ya Kitale. Si safari ndefu. Abiria wengi husinzia njia nzima, na anayekaa macho huona mahindi, miwa, mahindi tena, na Mlima Elgon ukichungulia upande wa kushoto. Hata hivyo, katika nchi hii ni barabara chache zilizobeba watu wenye majina makubwa kama hii.

Masinde Muliro alizaliwa upande wa Bungoma, maisha yake yakamvuta hadi Trans Nzoia. Michael Kijana Wamalwa vivyo hivyo. Ken Walibora naye vivyo hivyo. Wote watatu hawapo tena. Jumapili hii nakuomba tuketi kidogo tuwazungumzie. Si kwa kulia, maana matanga yao yalikwisha anuliwa zamani, bali kwa kuuliza swali ambalo kila familia hujiuliza baada ya wageni kuondoka: marehemu ametuachia nini, na kimewekwa wapi?

Ninaanza na aliyefariki mwisho, kwa sababu ndiye aliyeishi kwa kalamu. Tena, huenda wewe mwenyewe au mwanao mlifanya mtihani wa kidato cha nne kwa kitabu chake.

Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akapewa jina Kennedy Waliaula. Jamaa yake ilihamia Cherangany, katika Trans Nzoia, na huko ndiko alikokulia. Uhamaji huo ulikuwa jambo la kawaida. Kabla ya Uhuru, Trans Nzoia ilikuwa ardhi ya walowezi Wazungu, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua au skwota. Baada ya 1963 mashamba yalikatwakatwa na kuuzwa, mengine kupitia mipango ya serikali ya makao, mengine kupitia vyama na kampuni za kununua ardhi. Watu wa Bungoma, waliokuwa wamebanana katika vishamba vidogo, wakafunga virago. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalikuta tena ndani ya vitabu vyake.

Jina lake nalo lina kisa. Waliaula ni jina la Kibukusu, lakini sikio la Kiswahili husikia neno jingine ndani yake. "Aula" katika kamusi ni kilicho bora zaidi. Kijana akalichukua jina la ukoo, akaondoa "aula" na kuweka "bora", akawa Walibora. Ebu fikiria: mtoto wa bara, aliyekulia kati ya mashamba ya mahindi, anafanya mchezo wa lugha ambao mwenyeji wa Lamu angeuonea wivu! Wakati huo wengi bado waliamini kwamba Kiswahili kizuri ni mali ya pwani, na kwamba sisi wa bara tunakiazima tu kwa ajili ya soko na kituo cha polisi.

Jibu lake kwa dhana hiyo lilikuja mwaka 1996, Siku Njema ilipochapishwa. Riwaya hiyo inamfuata Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, Tanzania, mwana wa mwimbaji wa taarabu Zainabu Makame. Mama anafariki, mtoto anabaki katika mikono isiyomtakia mema, na mwishowe anafunga safari kuja magharibi mwa Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Tazama mwelekeo wa safari hiyo. Kwa kawaida hadithi zetu humtoa mtu bara zikampeleka pwani kutafuta ustaarabu. Walibora alimtoa mtoto kwenye chimbuko la lugha akamleta huku kwetu, kana kwamba anasema kuwa nusu ya nasaba ya Kiswahili iko upande huu.

Siku Njema iliteuliwa kuwa kitabu cha lazima katika shule za upili. Vijana wa miaka ile walijibandika jina Msanifu Kombo, lakabu ya Kongowea, na kuandika insha zilizojaa misamiati ya kurasa zile hata pale isipofaa. Walimu walicheka na kusahihisha. Mimi husema kwamba kitabu kikimfanya mvulana wa kidato cha pili atamani kuandika sentensi ndefu kwa hiari yake, mwandishi amekwisha kuvuna. Baadaye riwaya hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza pia.

Kisha vikafuata vingine, tena vingi. Ndoto ya Amerika, kilichomhusu kijana aliyepagawa na hamu ya kwenda Marekani, kilimpa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwandishi mwenyewe alikwenda Marekani kweli, akasomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State na kuipata mwaka 2009, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison. Lakini alirudi. Wengi hawarudi. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Riara, Nairobi, akafanya kazi ya kusimamia ubora wa Kiswahili katika vyombo vya habari, na wasomaji wa magazeti wakamfuata katika safu yake. Wengine walikuwa wamemjua hata kabla ya hapo, akisoma habari redioni na kwenye runinga kwa sauti nzito isiyo na haraka.

Nataka tukae kidogo kwenye vitabu viwili. Kufa Kuzikana, cha mwaka 2003, kinasimulia urafiki wa vijana wawili, Akida na Tim, wa makabila mawili yaliyofundishwa kuchukiana. Mtu wa Nairobi anaweza kukisoma kama hadithi tu. Mtu wa Kitale hawezi. Mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalifika Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon. Nyumba zilichomwa, watu wakalala makanisani na kwenye vituo vya soko, na jirani aliyekuwa akiomba chumvi jioni akageuka wa kuogopwa asubuhi. Kichwa chenyewe ni lugha ya Waswahili: jirani wa kufa kuzikana, yaani yule utakayemzika au atakayekuzika. Ukikisoma ukiwa na mtu aliyepoteza boma lake miaka hiyo, nenda polepole.

Kitabu cha pili ni Kidagaa Kimemwozea, kilichotahiniwa katika kidato cha nne kuanzia 2013 hadi 2017. Humo yumo Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko, anayemiliki shamba lililokuwa la mlowezi Mzungu na ambalo hakulipata kwa njia ya haki. Yumo pia Amani, kijana maskini anayechunga mifugo, ambaye mswada wake wa riwaya uliibwa ukachapishwa kwa jina la mtu mwingine. Ardhi iliyoibwa na maandishi yaliyoibwa, katika kitabu kimoja! Mtoto wa Cherangany aliona kwa macho yake jinsi mashamba ya walowezi yalivyogawanywa, nani alipata ekari mbili na nani alipata mia tano. Hakuhitaji kusafiri mbali kutafuta Sokomoko.

Ndipo ikaja Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020. Walibora aligongwa na matatu katika Barabara ya Landhies, Nairobi. Alifikishwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akafariki siku hiyo. Jamaa na marafiki hawakuwa na habari. Walimtafuta, simu haikupokewa, na ilikuwa tarehe 15 ndipo mwili wake ulipotambuliwa katika chumba cha maiti. Mtu aliyejulikana kwa sura na sauti nchi nzima alilala siku tano bila jina. Upasuaji wa maiti ulionyesha jeraha la kisu mkononi, na wapelelezi wakaanza kulichukulia tukio hilo kama mauaji. Maswali yaliyoulizwa wiki ile bado yanaulizwa kila Aprili.

Alikuwa na umri wa miaka 55. Alizikwa Cherangany tarehe 22 Aprili, katika majuma ya kwanza ya ugonjwa wa korona, wakati jiji la Nairobi lilikuwa limefungwa na sheria iliruhusu waombolezaji 15 tu makaburini.

Msomaji, ili uelewe uzito wa idadi hiyo, yafaa ujue desturi ya Wabukusu. Mzee mwenye heshima akifariki, siku chache baada ya mazishi watu hukusanyika kwa kumuse. Msemaji maalumu, wa koo zenye kipawa hicho, husimama na fimbo yake na kutembea mbele ya umati ulioketi kimya. Husimulia ukoo wa marehemu, vita vya mababu, uhamaji, makosa ya walio hai, na jinsi watu wanavyopaswa kukaa pamoja. Manguliechi alisifika kote Bukusu kwa kazi hiyo, na wasomi walikwenda kunasa maneno yake. Kumuse ni tawasifu, historia na mahubiri kwa pamoja, na haina maana bila umati. Kwa Walibora, umati ulizuiwa nyumbani. Waliomlilia walifanya hivyo magazetini, redioni na kwenye simu, kwa mashairi ya arudhi, jambo ambalo nadhani lingempendeza.

Wanasiasa hupata heshima za namna nyingine. Masinde Muliro, aliyezaliwa 1922 na kusomea Chuo Kikuu cha Cape Town, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Alikuwa waziri mwaka 1975, Bunge lilipojadili ripoti ya mauaji ya J. M. Kariuki. Alipiga kura dhidi ya serikali aliyoitumikia, akapoteza kazi. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa wazee walioanzisha FORD kudai vyama vingi, na tarehe 14 Agosti 1992 akaanguka na kufa mara tu baada ya ndege yake kutoka London kutua Nairobi. Leo kuna chuo kikuu kwa jina lake Kakamega, na uwanja wa michezo Kanduyi, Bungoma, ambako sherehe za Madaraka za 2024 zilifanyika. Ungewauliza vijana waliojaza uwanja ule siku ile kuhusu kura ya 1975, ni wangapi wangejua?

Wamalwa, mzaliwa wa 1944, mwanasheria wa Cambridge aliyewafanya watu wacheke hata alipokuwa akiwachapa kwa maneno, alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi minane tu. Alifariki London tarehe 23 Agosti 2003 na kuzikwa Kitale. Hospitali ya rufaa mjini humo imepewa jina lake.

Sina ugomvi na majina ya kwenye malango. Lakini lango halisemi. Mjini Kitale kuna jumba la makumbusho ambalo wengi hupita bila kuingia, na asili yake yanifaa hapa. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi na mwanajeshi mstaafu, tangu 1926 alikusanya vipepeo, wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Kabla ya kufa 1966 alikuwa ameandika wosia, akaacha mkusanyo huo pamoja na fedha za kujenga mahali pa kuuweka. Makumbusho yakafunguliwa 1974. Vipepeo vya mlowezi mmoja vina kabati, vina lebo, vina mlinzi.

Je, barua za Muliro? Hotuba za Wamalwa zilizonaswa kwenye kaseti na kuchezwa hadi mkanda ukachakaa? Miswada ya mwandishi yenye masahihisho ya wino pembeni? Katika nyumba zetu karatasi za marehemu huwekwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Panya wakiacha, mvua huchukua, na vikisalia, mjukuu huwashia moto wa asubuhi. Ikiwa wewe ni mmoja wa walio na sanduku kama hilo, liinue juu ya sakafu leo. Andika nyuma ya kila picha ni nani, wapi, mwaka gani. Kabla hujatupa, uliza makumbusho au maktaba ya kaunti.

Na kuna ambao hawakuacha hata karatasi. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, mcheza kandanda aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, aligeuka kiongozi wa Dini ya Msambwa na kuwaambia Wazungu waondoke. Wakoloni walimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kisha wakampeleka kizuizini Lamu. Serikali ya Uhuru nayo ilimfunga. Alifariki 1987. Mengi yaliyoandikwa juu yake yaliandikwa na maafisa waliomkamata, yakahifadhiwa vizuri kwenye majalada yao. Upande wa pili uko vinywani mwa wazee: nani alisimama wapi kule Malakisi Februari 1948, polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wake na kuua watu 11, na nani alimbeba nani kwenda nyumbani. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 siku ile sasa anakaribia 90. Wengine wako Malakisi, Chwele na Kimilili, wanaota jua mbele ya nyumba zao saa hizi unaposoma gazeti, na simu uliyo nayo mfukoni inaweza kunasa sauti.