Mhandisi aliyezipangia sauti zamu

Kipimo cha sufuria bila shaka unakijua. Mtoto ana mwaka na nusu, hajasema hata "mama", basi bibi anasimama nyuma yake na kugonga sufuria kwa mwiko. Mtoto anageuka. Bibi anacheka: "Huyu anasikia vizuri, hata baba yake alichelewa kusema." Familia inatulia, na mwaka mwingine unapita.

Leo nataka uone kwa nini sufuria inaweza kukudanganya. Tutapitia kwenye kazi ya mtu ambaye si daktari wala hajawahi kushika kisu cha upasuaji. Anaitwa Blake Wilson, mhandisi wa umeme wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akichambua jinsi sauti ya mtu inavyoweza kugeuzwa kuwa umeme ambao ubongo utaielewa.

Kwanza sikio lenyewe. Sauti hutikisa ngoma ya sikio, mtikisiko unapita kwenye vifupa vitatu vidogo mpaka kwenye koklea, mrija uliojaa maji na kujizungusha kama konokono. Humo ndani kuna seli zenye vinyweleo. Zile zinazobeba kazi kubwa ya kupeleka taarifa kwenye ubongo ni kama 3,500 tu kwa kila sikio. Zimejipanga kwa mpangilio maalumu: zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito. Zikifa hazioti tena. Kwa hiyo anayekuuzia mafuta ya kudondoshea sikioni ili kutibu uziwi wa aina hii anakula fedha yako bure, na huenda akamwachia mtoto maambukizi.

Seli zinaweza kufa upande mmoja wa mrija zikabaki upande mwingine. Mtoto wa namna hiyo atasikia kishindo cha mlango na ngoma ya harusi, lakini "s", "f" na "t" hazimfikii. Kwake "sita", "fika" na "kitu" ni mvumo tu. Mwingine hasikii kabisa, ila ameona kivuli cha bibi ukutani au amehisi mtetemo wa sakafu. Wote wawili watafaulu kipimo cha sufuria.

Mwaka 1957, jijini Paris, Djourno na Eyriès waliweka waya ndani ya sikio la mtu asiyesikia na kupitisha umeme. Alisikia kitu, ingawa hayakuwa maneno. Mwaka 1961 daktari William House wa Los Angeles naye akaanza kupandikiza. Vifaa hivyo vya mwanzo vyenye njia moja vilimpa mgonjwa mdundo wa maneno na kumsaidia kusoma midomo, basi. Ingeborg Hochmair na mumewe Erwin, huko Vienna mwaka 1977, na Graeme Clark wa Melbourne mwaka 1978, wakaleta vipandikizi vyenye njia nyingi, kila moja ikigusa sehemu yake ya koklea.

Hapo ungetarajia mambo yawe mazuri. Lakini koklea imejaa maji, na maji hayo hupitisha umeme. Ukituma umeme kwenye njia zote kwa wakati mmoja, unachanganyika humo ndani. Ni kama kikao cha ukoo ambapo wajomba wote wanaongea kwa pamoja: kelele unazisikia, hoja huipati.

Wilson, aliyesoma Chuo Kikuu cha Duke kisha akafanya kazi katika Taasisi ya Utafiti ya Research Triangle, North Carolina, alilishughulikia tatizo hilo miaka ya 1980 kwa fedha za utafiti za serikali ya Marekani. Jibu lililopatikana ukilisimulia linaonekana jepesi. Sauti inagawanywa katika makundi kuanzia nzito hadi nyembamba. Katika kila kundi kinapimwa namna nguvu ya sauti inavyopanda na kushuka. Kisha vipimo hivyo vinatumwa kama mipigo mifupi ya umeme, kwa zamu, njia moja baada ya nyingine, hakuna mbili zinazopiga kwa wakati mmoja. Mzunguko huo hurudiwa mamia ya mara kwa sekunde, hivyo ubongo haushtukii kwamba kuna foleni.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Nature. Watu waliotumia vifaa vyao vilevile, bila upasuaji mpya, walielewa maneno vizuri zaidi kwa sababu ya hesabu mpya tu. Na jambo linalonifanya nimheshimu zaidi: taasisi yake haikuifungia mbinu hiyo kwa hatimiliki. Watengenezaji wote waliruhusiwa kuitumia. Mwaka 2013 Wilson, Clark na Hochmair walipewa pamoja tuzo ya Lasker.

Muziki ndio uliobaki mgumu. Kwa maneno, makundi machache ya sauti yanatosha ikiwa mahali ni patulivu. Kwa muziki hayatoshi, maana wimbo unakaa kwenye tofauti ndogondogo za kupanda na kushuka, na kipandikizi chenye njia 12 au 22 hakiwezi kufanya kazi ya maelfu ya seli. Mtumiaji wa kipandikizi mara nyingi anaupata mdundo wa ngoma sawasawa, lakini fidla na kanuni za taarabu zinamchanganyikia. Mtu mzima aliyekuwa akipenda muziki kabla ya kuwa kiziwi aambiwe hilo mapema, asije akaona amedanganywa. Ndiyo maana pia kelele za daladala au sherehe humshinda mtumiaji hata kama nyumbani anakuelewa vizuri.

Kwa mtoto, usiache kumwimbia kwa sababu hiyo. Nyimbo za kupiga makofi zina mdundo, na mdundo anaupata. Lugha yetu nayo inautegemea: "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya sawasawa zinatofautishwa na silabi unayoikazia.

Sasa suala la muda. Ubongo wa mtoto hujifunza lugha katika miaka ya mwanzo, na njia zisizopata sauti huchukuliwa na kazi nyingine. Wataalamu hupendekeza mtoto apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita. Kuna kipimo kisichohitaji mtoto ajibu: kifaa kidogo kinawekwa sikioni akiwa amelala na kusikiliza mwitikio wa koklea. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo hasa kama mtoto alizaliwa njiti, alichelewa kulia, alipata manjano kali, alitibiwa kwa gentamaisini, au ulipata rubela ukiwa mjamzito. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe haraka, bila kusubiri akue. Ugonjwa huo unaweza kuifanya koklea ijae mfupa, na waya ukakosa pa kupita.

Wengi hawahitaji upasuaji. Huanza na vifaa vya kawaida vya kukuza sauti. Vikishindwa ndipo kipandikizi huzungumzwa, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017. Uliza gharama yote: kifaa na upasuaji ni makumi ya mamilioni ya shilingi, halafu kuna betri, waya zinazokatika, safari za kurekebisha kifaa, na mazoezi ya kusikia na kutamka kwa miaka. Uliza pia kuhusu chanjo ya kinga dhidi ya homa ya uti wa mgongo, na umweleze kila daktari kwamba mtoto ana kipandikizi kabla hajaingizwa kwenye mashine ya MRI.

Lugha ya alama nayo ni lugha kamili. Kama kipandikizi hakiwezekani, au unasubiri zamu, anza alama leo. Mtoto anahitaji lugha, na haiwezi kusubiri mchango wa ukoo utimie.

Na siku kifaa kitakapowashwa, usiandae simu kurekodi tabasamu. Watoto wengi hulia. Wanasikia kitu ambacho hawajawahi kukisikia, na hawajui kama ni sauti yako.