Kupanga Kazi Kabla ya Kuijua Foleni

Mashine za kituo cha data hupokea kazi mfululizo: moja huisha kwa sekunde, nyingine huchukua saa nzima, na ijayo haijulikani. Kila kazi ikifika, huamuliwa papo hapo iende mashine ipi, na uamuzi huo haurudishwi nyuma. Huu ndio upangaji wa kazi wa papo kwa papo. Ugumu wake hautokani na wingi wa hesabu. Hata mpangaji mwenye kompyuta isiyo na mwisho wa kasi angekosea, kwa kuwa anachokosa ni habari.

Mwaka 1966 Ronald Graham, mwanahisabati wa Bell Labs nchini Marekani, alichunguza kanuni nyepesi mno: kila kazi ipewe mashine yenye mzigo mdogo kuliko zote kwa wakati huo. Alithibitisha kwamba mashine zikiwa m na zote za aina moja, kazi ya mwisho haitachelewa kupita mara 2 − 1/m ya muda ambao angeutumia mpangaji aliyeiona orodha nzima tangu mwanzo. Kipimo cha namna hii, kinachomlinganisha mpangaji asiyejua na yule anayejua yote, kilipata uzito wa jumla mwaka 1985 kupitia kazi ya Daniel Sleator na Robert Tarjan. Leo huitwa uwiano wa ushindani.

Kwa mashine 2 kanuni ya Graham ina uwiano wa 1.5, na ni rahisi kuonyesha kwamba hakuna kanuni ya uhakika inayoweza kuushinda. Zije kazi mbili za saa 1 kila moja. Mpangaji akizirundika kwenye mashine moja, mletaji kazi anaacha hapo hapo: saa 2 zimetumika pale ambapo 1 ingetosha. Akizigawa, inaletwa kazi ya tatu ya saa 2, nayo inaisha saa ya 3. Aliyejua mapema angeziweka zile ndogo pamoja na kumaliza yote kwa saa 2. Hoja nyingi za fani hii zina umbo hili, la mpinzani anayengoja uamuzi kisha kuchagua kinachouma.

Kwa mashine 3 pia Graham hashindiki. Kuanzia 4 mambo hubadilika: kwa 4 zenyewe jibu liko kati ya 1.732 na 1.733, pengo dogo ambalo halijazibwa. Mashine zikiwa nyingi, ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba 2 ndiyo kikomo, hadi Yair Bartal na wenzake walipoteremka hadi 1.986 mwaka 1992. Siri yao ilikuwa kutosawazisha mizigo: mashine kadhaa huachwa na mzigo mwepesi kwa makusudi, zikisubiri kazi kubwa ambayo huenda isije kamwe. Susanne Albers alifika 1.923, na mwaka 2000 Rudolf Fleischer na Michaela Wahl wakafika 1.9201. Upande wa pili, John Rudin alionyesha mwaka 2001 kwamba 1.88 haivukiki. Algoridhimu ikiruhusiwa kurusha sarafu pengo hupanuka zaidi: iliyo bora kati ya zinazojulikana ni ya 1.916, ilhali kizuizi kilichothibitishwa ni takriban 1.58 tu.

Kugombea desimali hizo kumezaa hisabati nzuri, lakini swali lenye manufaa zaidi ni kama mpinzani mkatili kiasi hicho yupo kweli. Albers na Maximilian Janke walimwachia achague kazi, wakamnyima uwezo wa kuchagua zitakavyofuatana. Kazi zikija kwa mpangilio wa bahati nasibu, uwiano ulishuka hadi 1.8478, chini ya kizuizi cha Rudin, na baadaye hadi 1.535. Njia ya zamani zaidi ya kumpunguza makali mpinzani, ya Bala Kalyanasundaram na Kirk Pruhs mwaka 1995, ni kumpa mpangaji mashine yenye kasi kidogo kuliko ya yule anayejua yote. Inaonekana kama udanganyifu, ila inatenganisha vizuri kanuni nzuri na mbovu.

Tatizo jirani, la pakiti zinazopita kwenye ruta, lina mwisho wa kuridhisha zaidi. Kila pakiti ina thamani na muda wa kuisha, na kwa kila hatua hupita moja tu. Kizuizi cha takriban 1.618, uwiano wa dhahabu wa Wagiriki, kilijulikana mapema. Mwaka 2019 Pavel Veselý, Marek Chrobak, Łukasz Jeż na Jiří Sgall walitoa algoridhimu inayokifikia. Kwa wanaorusha sarafu, jibu bado liko mahali fulani kati ya 1.25 na 1.582.

Utafiti mwingi wa sasa umegeukia utabiri. Kazi zote zikiwapo tangu mwanzo kwenye mashine moja, lakini urefu wake haujulikani, kuzigawia muda sawasawa huweka jumla ya nyakati za kumaliza chini ya mara 2 ya iliyo bora. Mwaka 2018 Manish Purohit, Zoya Svitkina na Ravi Kumar waligawanya nguvu ya mashine: sehemu hutanguliza kazi zilizotabiriwa kuwa fupi, sehemu hugawiwa zote sawa. Utabiri ukiwa sahihi faida ni kubwa. Ukiwa wa ovyo, hasara ina mpaka.

Kinachobishaniwa ni namna ya kupima ubovu wa utabiri wenyewe. Kujumlisha tofauti za urefu huadhibu makosa yasiyodhuru: kazi ya dakika 10 iliyodhaniwa ya 20 haina neno mradi nafasi yake kwenye foleni ni ile ile. Kwa sababu hiyo Alexander Lindermayr na Nicole Megow walipendekeza mwaka 2022 kutabiri mpangilio peke yake. Wengine wameunda vipimo tofauti, na hakuna hata kimoja ambacho kimekubalika kwa aina zote za matatizo ya upangaji.