Kijana Wetu na Somo la Serikali ya Marekani



Mwaka huu tumeonelea tuandike juu ya jambo ambalo wazazi kadhaa wametuuliza. Kijana amekwenda Marekani kusomea uuguzi au kompyuta. Mbona analazimishwa kusoma serikali ya Marekani? Swali hili lilitufikia kwa uzito siku moja baada ya Alasiri, alipokuja madrasa mzee mmoja wa mtaa wetu na simu mkononi. Mwanawe alihitimu hapa kwetu na sasa yuko chuoni Texas. (Hapa Mombasa chuo ni hapa tunapofundisha Kurani, lakini leo tunakusudia vile vyuo vikubwa vya ng'ambo.) Kijana alikuwa amepata alama mbaya katika jaribio la kwanza la somo hilo, na baba alikuwa ameshamwambia: "Liache, mwanangu. Hatukukupeleka huko ukawe Mmarekani."

Tulimwomba mzee ampigie mwanawe papo hapo amwambie asiliache. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 anayesomea shahada ya kwanza anatakiwa awe na masomo ya kutwa, yaani angalau saa 12 za masomo kila muhula. Somo moja kama hili kwa kawaida ni saa 3. Mwenye saa 12 akiliacha bila ya idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni anabakiwa na 9, na hapo ameshavunja masharti ya viza yake. Kijana wetu alikuwa na 12 kamili. Alidhani anaacha somo, kumbe alikuwa karibu kuacha nchi.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Sheria ya jimbo la Texas inamtaka kila anayechukua shahada ya kwanza katika chuo cha umma asome saa 6 za serikali, ndani yake katiba ya Marekani na ya Texas, na saa 6 nyingine za historia ya Marekani. Sheria hiyo haiulizi kama wewe ni mwenyeji au mgeni, mhandisi au muuguzi. Si kila jimbo lina sharti kama hilo, kwa hivyo mzazi na aulize mapema kabla ya kulipa karo. Wala darasani hakuna kiapo cha utiifu. Kuna kitabu, insha na mtihani. Mtu akijua nyumba ya jirani ina vyumba vingapi hageuki kuwa mtoto wa nyumba ile.

Na vyumba vyenyewe ni hivi. Katiba yao iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, ikaanza kazi 1789, na hadi leo imefanyiwa marekebisho 27. Kumi ya mwanzo yalipita pamoja mwaka 1791. Bunge lao, Kongresi, lina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435 na Seneti yenye 100, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo. Rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe maalumu 538, na anayefikisha 270 ameshinda. Ndiyo sababu mwaka 2000 na 2016 aliyepata kura nyingi zaidi za wananchi hakuwa rais. Majaji wa Mahakama ya Juu ni 9, na hukaa bila ya kikomo cha miaka.

Mwanafunzi wa Kenya ana nafuu hapa, maana katiba yetu ya 2010 imetuzoesha maneno Seneti, gavana, kaunti na Mahakama ya Juu. Lakini nafuu hiyo ina mtego ndani yake. Gavana wa kwao anaongoza jimbo zima, wala si kaunti. Texas peke yake ina kaunti 254, na mkuu wa kila kaunti huitwa jaji ingawa kazi yake kubwa ni ya utawala! Kijana wetu aliandika gavana wa kaunti, akakatwa alama.

Sehemu inayomgusa Muislamu zaidi ni ya haki za dini. Marekebisho ya kwanza yanaizuia serikali kuweka dini rasmi, na vile vile yanaizuia kumkataza mtu kufuata dini yake. Kifungu cha sita cha katiba yenyewe kinasema cheo cha serikali kisiwekewe sharti la dini. Mwaka 2006 Keith Ellison alichaguliwa kuwa Muislamu wa kwanza katika Kongresi, na Januari 2007 akala kiapo cha sherehe kwa nakala ya Kurani iliyotafsiriwa kwa Kiingereza iliyokuwa ya Thomas Jefferson, rais wao wa tatu. Mwaka 2018 akachaguliwa Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa hapa karibu na Mombasa. Kanuni ya tangu 1837 ilikataza kofia ndani ya Baraza. Januari 2019 ikarekebishwa, akaingia na hijabu yake.

Mwanafunzi asome kwa makini hapa, kwani ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili. Ya kwanza ilihusu msichana wa Kiislamu aliyenyimwa kazi katika duka la Abercrombie & Fitch kwa sababu ya mtandio wake; akapata haki yake. Ya pili ilihusu mfungwa wa Arkansas aliyetaka kufuga ndevu za nusu inchi. Majaji wote 9 wakamkubalia. Mwanafunzi wetu ataandika haraka kuwa ni marekebisho ya kwanza hayo. Atakosa. Marekebisho ya kwanza yanaifunga serikali, hayalifungi duka la mtu. La duka liliamuliwa kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964, na la mfungwa kwa sheria ya mwaka 2000, zote zimetungwa na Kongresi. Wala asidhani hukumu zote zilikwenda upande wetu. Mwaka 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo hiyo iliipitisha amri ya rais ya 2017 iliyozuia kuingia watu wa nchi kadhaa, nyingi zao za Waislamu. Amri ile iliondolewa 2021, na mwaka 2025 ikatolewa nyingine yenye nchi nyingi zaidi, Somalia ikiwemo.

Katika hukumu kama hizo, majaji walioshindwa nao huandika hoja zao, na mwanafunzi huulizwa hoja ipi ina nguvu na kwa nini. Hapa ndipo kijana wetu alipoanguka. Alihifadhi kitabu neno kwa neno akakirudisha kwenye karatasi, na mwalimu akamwandikia: wewe mwenyewe unasemaje? Sisi walimu tuna sehemu yetu katika lawama hii, maana tumewazoesha kuitikia kuliko kuuliza. Hata hivyo, aliyesoma fiqhi akaona Imam Shafi na Imam Abu Hanifa wanavyokhitalifiana, kila mmoja na dalili yake, ana mwanzo mzuri. Na achunge sana kunakili maneno ya mtu bila ya kumtaja. Huko ni kosa la kufukuzisha chuo, na aliyezoea kutaja isnadi asione uzito.

Kijana alibaki darasani, akamaliza na alama ya C. Muhula unaofuata anaanza lile la serikali ya Texas.

Kwa wanaojitayarisha, kuna kitabu cha somo hili kinachotolewa bure kwenye intaneti na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Houston. Sura tatu za mwanzo tumezichapisha, ziko katika kabati la maktaba ya madrasa. Mwenye kuazima aandike jina lake daftarini, na arejeshe kabla ya Ramadhani.

Wabillahi tawfiq.