Matege ya kurithi: Kwa nini miguu hubaki mifupi kuliko kiwiliwili?

Mzazi mwenye mtoto wa matege huambiwa amtoe juani na amlishe vizuri. Mara nyingi ushauri huo unafaa, kwani matege mengi hutokana na upungufu wa vitamini D au kalsiamu. Lakini yapo yasiyosikia dawa hiyo. Tangu mwaka 1937, daktari wa Marekani Fuller Albright na wenzake waliandika kuhusu mgonjwa ambaye vitamini D ya kiwango cha kawaida haikumsaidia.

Aina inayojulikana zaidi husababishwa na hitilafu katika jeni ya PHEX, iliyoko kwenye kromosomu X. Mwili hutengeneza homoni ya FGF23 kupita kiasi, figo zinapoteza fosfeti kwenye mkojo, na mifupa inakosa madini ya kuikaza. Lishe ya mama haihusiki hata kidogo, ingawa lawama humwangukia yeye.

Mtoto huyu kwa kawaida huzaliwa na urefu sawa na wengine. Ukuaji hupungua katika mwaka wa kwanza au wa pili, na akianza kutembea miguu inapinda. Kiwiliwili chake hakiathiriki sana. Akikaa darasani huenda akalingana na wenzake, wakisimama, anaachwa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya urefu wa mguu hukua kwenye ncha za mifupa karibu na goti, na hapo ndipo ugonjwa huu huonekana zaidi. Ndiyo maana tunaona kumpima akiwa amesimama tu hakutoshi. Apimwe pia akiwa ameketi, kisha vipimo vilinganishwe.

Familia nayo iulizwe. Baba mwenye ugonjwa huu huwarithisha mabinti zake wote, wala si wana wa kiume. Mama humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Wengine huwa wa kwanza katika ukoo wao.

Matibabu ya miaka mingi ni fosfeti ya kunywa mara kadhaa kwa siku pamoja na vitamini D iliyo tayari kufanya kazi mwilini. Tangu 2018, Ulaya na Marekani zimeidhinisha sindano ya burosumab inayozuia FGF23, ila bei yake ni kubwa mno. Matibabu yakianza mapema miguu hunyooka zaidi, ingawa wengi hubaki wafupi kiasi.

Kama matege hayapungui baada ya vitamini D, mwombe daktari apime fosfeti kwenye damu na mkojo wa mtoto.