Mumias: Bidhaa Nyingi, Shina Moja

Kampuni ya Sukari ya Mumias, kaunti ya Kakamega, haikuanguka kwa kukosa kujaribu biashara nyingine. Hilo husahaulika, kwa kuwa lawama huishia kwenye ufisadi na sukari ya magendo. Kiwanda kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 kilifikia kutoa zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya. Baadaye kikatafuta riziki kwingine: mtambo wa umeme wa megawati 38, ambazo 26 ziliuzwa kwa Kenya Power, mwaka 2012 kiwanda cha ethanoli chenye uwezo wa lita milioni 22 kwa mwaka, hata maji ya chupa.

Kwenye karatasi ulikuwa mseto wa kupigiwa mfano. Lakini umeme ulitokana na makapi ya miwa yaliyochomwa kwenye boila, na ethanoli ilitokana na molasi. Mkulima aliyezungushwa miezi na miezi bila malipo alikuwa na njia mbili: kuuzia kiwanda jirani, au kung'oa miwa apande mahindi. Trekta zikapungua langoni, boila zikapoa, na bidhaa zilizotarajiwa kuiokoa sukari zikazama nayo.

Viwanda vya silaha vya Kisovieti viliwahi kunaswa vivyo hivyo. Desemba 1988 kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Mikhail Gorbachev, aliutangazia Umoja wa Mataifa kwamba angepunguza askari 500,000, na viwanda vikatakiwa kuwatengenezea raia bidhaa. Mafundi walikuwepo, tena hodari. Kilichokosekana ni mazoea ya kumtafuta mnunuzi, maana kwa miongo mingi mnunuzi alikuwa serikali. Huko walitegemea mteja mmoja. Mumias ilitegemea zao moja.

Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka Mumias chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya mdaiwa. Desemba 2021 ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda kwa miaka 20, kesi zikafuatana. Mabishano yalihusu ardhi, mitambo na madeni. Kwa maoni yangu, mali iliyopuuzwa ni mafundi waliozoea tabo za umeme na boila, ujuzi ambao viwanda vya chai na hospitali vingeununua. Waliachwa kila mtu ajitafutie.

Sarrai nao walianza kwa kulima na kupanda miwa. Kwa hiyo swali la kila asubuhi halijabadilika: trekta ngapi zitaingia langoni, na mkulima atalipwa lini?