Je, Wajua? Treni ya Bububu na Stesheni Iliyomezwa na Mji

Je, wajua kwamba pale Forodhani, Unguja, ambapo kila jioni watu hujaa kula urojo na mishikaki, zamani palisikika king'ora cha gari la moshi? Kuanzia mwaka 1905 treni iliondoka ubavuni mwa Ngome Kongwe, ikashika njia ya Malindi, kisha ikaifuata pwani kwenda kaskazini hadi Bububu. Safari nzima ilikuwa maili 7, yaani kama kilomita 11.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilikuwa na upana wa mita moja. Ya Bububu ilikuwa na futi 3, kama sentimita 91. Wembamba huo ulifaa, maana ndani ya mji treni ilipita mitaani, baina ya nyumba za watu, kama tramu za miji mingine zilivyopita.

Je, wajua nani aliijenga? Wengi hudhani ni Waingereza, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wao tangu 1890. La. Waliojenga ni Wamarekani: Arnold, Cheney & Company, kampuni ya New York. Na kazi kubwa ya kampuni hiyo ilikuwa kununua pembe za ndovu. Pembe zilizotoka bara zilikusanywa Unguja, zikapakiwa melini hadi jimbo la Connecticut, ambako viwanda vya miji ya Ivoryton na Deep River vilizikata kuwa vibao vya kupigia piano. Wakala mmoja wa kampuni hiyo aliyefanya kazi Zanzibar, Ernst D. Moore, aliandika kitabu mwaka 1931 kuhusu biashara ya pembe, na ndani yake hakuficha maovu ya biashara hiyo: ndovu waliouawa, na watu waliobebeshwa mizigo hiyo mpaka pwani. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari ya treni hii. Watu wakiitazama picha yake ya zamani huona kijitreni cha kupendeza, lakini aliyeileta alikuwa tajiri wa pembe.

Marekani haikuwa ngeni hapo. Mkataba wake wa biashara na mtawala wa Zanzibar, Seyyid Said, ulitiwa saini 1833, na balozi mdogo wake wa kwanza alifika Unguja 1837, kabla hata ya Waingereza kuweka wao.

Je, wajua kwamba reli ya Bububu haikuwa ya kwanza Unguja? Sultan Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na reli yake mwenyewe iliyotoka mjini kwenda kusini, kwenye jumba lake la Chukwani. Mabehewa yake mwanzoni yalivutwa na nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 akaagiza kichwa cha treni cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, mjini Stafford, Uingereza. Wakati huo Mombasa haikuwa na reli, Tanga haikuwa na reli, Dar es Salaam vivyo hivyo. Wajerumani walianza kulaza reli Tanga 1893, na Waingereza wakaanza ile ya Mombasa hadi Kisumu 1896. Unguja iliwatangulia wote kwa zaidi ya miaka 10. Alipofariki Barghash, reli yake iling'olewa ikauzwa chuma chakavu. Leo Chukwani inajulikana kwa Baraza la Wawakilishi.

Turudi njia ya kaskazini. Je, wajua kwamba abiria wa Bububu walipita karibu na majumba matatu ya kifalme katika safari moja? La kwanza ni Marahubi, lililojengwa na Barghash na kuungua 1899, miaka sita kabla ya treni. Kwa hiyo abiria waliona magofu tangu siku ya kwanza. La pili ni Mtoni, jumba la Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Salme huyo aliwahi kuishi Bububu kabla ya kuondoka kwenda Ujerumani, na ameeleza maisha yake ya Bububu katika kumbukumbu alizochapisha 1886.

La tatu ni Beit el Ras, na hapa msomaji naomba utulie kidogo. Seyyid Said alianza kulijenga mwaka 1847, kwa sababu Mtoni ilikuwa imefurika watoto na watumishi. Alifariki 1856 jumba halijakwisha, nalo likaachwa. Mwaka 1904 wajenzi wa reli walihitaji mawe, na mawe yaliyochongwa tayari yalikuwepo Beit el Ras. Wakayachukua. Kwa hiyo reli hii ambayo leo imepotea, yenyewe ilijengwa kwa kulibomoa jumba lililokuwepo kabla yake. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, eneo hilo likapata shule na chuo cha ualimu, ambacho vizazi vya walimu wa Zanzibar vinakijua kwa jina la Nkrumah.

Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Treni ilibeba watu wa mashamba na mizigo yao, na wageni wa melini waliopata saa chache za kutazama kisiwa. Lakini motokaa zilikuja, na barabara nazo zikaboreshwa. Motokaa haina haja ya kusubiri saa ya treni, inasimama popote. Mwaka 1922 safari za abiria zikafungwa.

Je, wajua kwamba baada ya hapo reli iliendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa? Ilibeba mawe ya kujengea bandari mpya ya Malindi. Hii ni ajabu ya aina yake: reli ilitumika kujenga bandari, na bandari hiyo ndiyo iliyoondoa sababu ya shughuli za forodha kubaki mbele ya Ngome. Meli na mizigo vilihamia Malindi, ufukwe wa Forodhani ukabaki wazi, na mwishoni mwa miaka ya 1920 treni ikanyamaza kabisa.

Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman karibu na mwaka 1700 baada ya Wareno kufukuzwa, ilikuwa imegeuzwa bohari la reli. Baada ya reli kufa, ngome ilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na uwanja wake ukawa klabu ya wanawake, yenye kiwanja cha tenisi. Mbele yake, katikati ya miaka ya 1930, ilipandwa bustani ya kuadhimisha jubilii ya Sultan Khalifa bin Harub, aliyeshika utawala 1911, mwaka uleule serikali ilipoinunua reli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la Jubilii likafifia, watu wakasema Forodhani tu. Mwaka 2009 bustani ilifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan.

Sina ugomvi na bustani. Ni mahali pazuri, na watoto wanaorukia baharini pale wana haki nayo kuliko treni yoyote. Ninalolitaka ni kibao kimoja chenye maandishi ya Kiswahili, kiseme kwamba hapa palikuwa na stesheni. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 tuliona sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ikiporomoka, hatua chache tu kutoka hapo. Jumba likianguka tunalia, kwa sababu tulilijua. Stesheni iliondoka bila kuliliwa.

Na si Unguja tu iliyopoteza reli yake. Mombasa je? Huko palikuwa na troli: viti vyenye paa la turubai juu ya reli nyembamba ya futi 2, vikisukumwa na wanaume kwa mikono. Vyuma vyake vilitokana na reli ambayo kampuni ya Kiingereza ya IBEA iliianza 1890 ikaiacha. Maofisa walikuwa na troli zao binafsi, na tawi la reli lililofika mpaka mlangoni pa nyumba.  Motokaa zilizifuta troli nazo, mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Je, wajua kwamba safari ya Bububu bado unaweza kuifanya? Panda daladala namba 502, ukae upande wa kushoto, upande wa bahari. Utapita Marahubi, kisha Mtoni, kisha Beit el Ras. Mwambie kondakta akushushe Bububu mwisho.